Babu alikuja Tanga kama manamba, sisi wajukuu hatujui kwao ni wapi

Shikamoo shangazi,

Mi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Muheza. Nakusoma siku zote ila sijawahi kuandika, leo nimeandika maana hili jambo linaninyima usingizi tangu mwaka jana tulipomzika baba.

Siku ile ya msiba upande wa mama walikuja basi zima, Wasambaa wa Lushoto, wajomba, mashangazi, mpaka watoto wadogo. Upande wa baba hakuja mtu hata mmoja. Sio kwamba tuligombana nao, hatuwajui. Kaka yangu aliposimama kusoma historia ya marehemu akasoma kwamba baba alizaliwa 1959 kwenye kambi ya mkonge, mtoto wa mzee Petro aliyetoka bara, halafu akaenda kwenye shule aliyosoma. Nilikuwa nimekaa pale chini kwenye mkeka nikajiuliza bara ipi jamani, toka Handeni mpaka ziwa lote lile ni bara.

Babu alikuja 1954 kama manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, alikuwa kijana wa miaka 17 au 18 hivi. Hakurudi kwao tena mpaka alipofariki 1991, mi nikiwa bado mdogo kabisa. Bibi mzaa baba alikuwa Mbondei, naye alishafariki. Alikuwa anasema walifunga ndoa kanisani, padri mzungu ndo aliwafungisha, mwaka hakuwa anaukumbuka. Mdogo wake bibi bado yupo. Halafu kuna mzee mmoja kwenye ile kambi ya zamani, wanasema alikuja na babu lori moja, sasa hivi haoni vizuri ila kuongea anaongea.

Vitu vya babu vilivyobaki ni sanduku la bati, rozari, kipande chake cha kazi, ile kadi ya kibarua, na kadi ya TANU ya 1962. Kwenye kadi ameandikwa Petro na jina la pili linaloanza na Mta. Kwenye kipande hakuna Petro kabisa, kuna jina moja tu limefutikafutika linaanza na Nta, na namba. Sisi tulidhani hata sio chake.

Watu wa kambini kila mtu ana lake, huyu anasema babu alikuwa Mmanyema, huyu Mnyamwezi, huyu Mha, mwingine anasema Mrundi. Yeye mwenyewe nakumbuka ukimuuliza alikuwa anacheka anasema mi ni mtu wa heri, basi na watu wakawa wanamwita mzee Heri. Na kila asubuhi akitoka nje alikuwa anatusalimia mwakeye, na sisi watoto tunamjibu mwakeye, tukidhani ni mchezo wake tu.

Nimeenda parokia iliyo karibu na mashamba wakatafuta wakasema vitabu vyao vinaanzia 1993. Nimeenda ofisi nyingine kuulizia cheti cha kuzaliwa cha babu, mtu wa pale akanijibu kama nimemuomba hela yake. Sasa kuna kijana mtandaoni anasema nimlipe anitengenezee mti wa ukoo wa vizazi saba, na rafiki yangu ananiambia nipime DNA. Mdogo wangu anasema niache, wafu wameshalala. Mi nashindwa kuacha shangazi. Nianzie wapi?

Mjukuu wa manamba, Muheza

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na baba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nikakwama kwenye kitu ambacho we umekipita haraka haraka. Mtu wa heri. Mwanangu, mi nadhani babu yako hakuwa anasema heri, alikuwa anasema Heru. Heru ilikuwa himaya ya Waha pale Kasulu, mkoa wa Kigoma, ndiyo ile aliyokuja kuitawala Mwami Theresa Ntare, na mpaka leo jina liko kwenye ramani, kuna Heru Juu na kuna Heru Ushingo. Ile mwakeye nayo ni salamu ya Waha, wala haukuwa mchezo. Kwa hiyo yule mzee miaka yote alikuwa anawaambia kwao ni wapi, tena kila siku asubuhi, ila alikuwa anawaambia watu ambao masikio yao ni ya Kiswahili na Kibondei.

Lakini usikimbilie kukata tiketi ya treni ya Kigoma bado. Mkonge ulichukua vijana kutoka pande nyingi, toka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kutafuta vibarua kikiitwa SILABU, na magharibi walichota Waha wengi, ila na Warundi nao walikuwa wanavuka kuja kutafuta kazi huku maana kwao kulikuwa kwa Mbelgiji, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu kabisa. Kuna waliojiandikisha kama Waha ili mambo yaende. Kwa hiyo Heru iweke kama dalili nzito, sio jibu. Na hayo majina ya kambini, Mmanyema sijui Mnyamwezi, usiyape uzito, kule mashambani mtu yeyote aliyeshuka na treni ya bara aliitwa lolote lililomjia mtu mdomoni.

Sasa njoo kwenye karatasi zako, maana una mali we hujui. Weka kipande na kadi ya TANU pamoja mezani. 1954 mtu hana Petro, 1962 ana Petro. Kipande ni kile cha siku 30 unawekewa alama kila siku uliyomaliza kazi yako, karani aliandika alichosikia, na alichosikia ni jina la nyumbani. Kwa hiyo kwanza hicho kipande ni chake, acheni kukitilia mashaka, Nta na Mta ni jina lile lile, Waha wengi majina yao yanaanza na Nta na karani wa Kiswahili akisikia Nta mkono wake unaandika Mta. Pili, inawezekana sana babu alibatizwa baada ya kufika Tanga, kati ya 1954 na siku aliyofunga ndoa na bibi yako, na kama baba yako amezaliwa 1959 basi ndoa labda ni 1957 au 1958 hivi. Sisemi ni lazima, maana karani angeweza kumwandika mbatizwa kwa jina la kwao tu, ila ndiko ninakokuambia uanze kuchimba. Ikiwa ni hivyo basi kitabu chenye majina ya baba na mama wa babu yako hakiko Kigoma, kiko huko huko Tanga, labda mwendo wa daladala kutoka unapolala.

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi sana wanakata tamaa hapa hapa. Ile parokia uliyoenda haikukudanganya. Kama vitabu vyao vinaanza 1993 ni kwamba parokia yenyewe ni ya juzi, ilimegwa kutoka kwenye parokia kubwa. Miaka ya 50 kanisa la kambini lilikuwa kigango tu, padri anakuja kusoma misa anaondoka, na kigango hakitunzi vitabu, vitabu viko parokiani. Parokia ikizaa parokia nyingine vitabu vya zamani kwa kawaida vinabaki kwa mama. Kwa hiyo rudi pale pale, uwaulize kwa upole, kabla ya nyie kuwa parokia mlikuwa kigango cha wapi? Katekista mzee yeyote atakujibu bila hata kufungua faili. Wakikosa kabisa, ofisi ya jimbo Tanga wanajua parokia ipi ilizaliwa na ipi.

Ukifika kwa parokia mama usiombe kitabu cha ubatizo kwanza, omba cha ndoa. Nakuambia hivi kwa sababu Kanisa Katoliki lina utaratibu wa zamani kwamba padri anayefungisha ndoa lazima ajue mtu alibatizwa wapi, na akimaliza anatakiwa apeleke taarifa kwenye parokia ya ubatizo ili iandikwe pembeni ya jina lake kule. Ni sheria imo tangu kwenye ile sheria ya Kanisa ya 1917 na bado ipo. Kwa hiyo vile vitabu viwili vinatazamana. Ukimpata babu kwenye ndoa, utaona alikobatizwa, kama ni hapo hapo unageukia kitabu cha pili, kama ni Kasulu basi imeandikwa Kasulu na umeokoa nauli na miezi. Na anza na jina la bibi yako, maana yeye ni Mbondei wa hapo hapo, jina lake karani na padri wote walilijua kuliandika. Ukimpata bibi, aliyeandikwa naye mstari mmoja ndo babu hata kama jina lina herufi za ajabu.

Vitabu vya zamani vingi vimeandikwa Kilatini, usitishike, ni maneno machache yanajirudia. Natus ni amezaliwa, filius ni mtoto wa kiume wa, pater baba, mater mama, patrinus msimamizi. Ukiona pagani kwenye wazazi maana yake hawakuwa Wakristo, sio tusi. Mwandiko wa mapadri wazungu unasumbua, R na L zinabadilishana, na jina la Kiha likipita kwa mtu wa Ulaya linatoka limevunjika. Wewe nakili herufi kwa herufi, usirekebishe chochote, usiseme hapa walikuwa wanamaanisha fulani. Ukishairekebisha umeshafuta ushahidi. Na usilazimishe kupiga picha, vitabu hivyo vina siri za watu wengine, kuna watoto wa nje ya ndoa mle na wajukuu zao wako hai, paroko akikuambia atakusomea yeye mwenyewe mshukuru. Nenda siku ya kazi, sio Jumapili, nenda na cheti cha baba yako kuonyesha we ni damu, na mpe karani wa parokia miaka mitatu minne tu ya kutafuta, sio "tafuta popote", yaani hapo utaona anavyochangamka.

Halafu angalia wasimamizi na mashahidi. Kijana wa miaka 20 aliyetoka mbali akitakiwa kuleta msimamizi hakumchukua mtu wa pwani asiyemjua, alimchukua wa kwao. Kama babu hana habari, msimamizi wake anaweza kuwa nazo, na wajukuu wa msimamizi huenda wanajua kijiji.

Lakini mwanangu kabla ya vyote hivyo, kabla hata ya kwenda parokiani, nenda kwa yule mzee wa kambini. Nimeshtuka ulivyomtaja juu juu tu. Kitabu cha ndoa kimekaa miaka karibu 70 na wiki ijayo kitakuwepo. Mzee wa miaka karibu 90 sijui. Nenda Jumamosi hii, nenda na sukari na sabuni, kaa naye, usianze na daftari. Muulize walipandia wapi treni, ilikuwa ni wangapi, nani alilia njiani, walishukia wapi. Wakati ule reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana, ziliungana 1963, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari wakaja kwa lori, na ndo maana anakumbuka lori. Mtu akianza kusimulia safari majina ya watu na ya vilima yanakuja yenyewe, ila ukimwambia nitajie kijiji cha babu atakwambia amesahau. Washa simu irekodi, umwambie unarekodi, uiweke karibu na mdomo wake sio karibu na wako. Mwambie akuimbie nyimbo walizoimba wakikata mkonge. Mi nilimrekodi mama yangu mkubwa hivyo hivyo miaka iliyopita, nilikuwa natafuta jina moja tu la upande wa mama, lile jina sikulipata siku ile, nililipata miezi miwili baadaye nikisikiliza tena usiku, alilitaja katikati ya wimbo na mi nilikuwa nazungumza juu yake. Kwa hiyo ukiwa pale nyamaza.

Na hiyo sauti ndo itasafiri badala yako. Mtafute Mha yeyote, Tanga hawakosekani, wajukuu wa manamba mmejaa, mtumie kwa WhatsApp umuulize huyu mzee anaongea Kiha cha wapi. Mtu wa Kasulu na mtu wa Kibondo wanasikiana lakini kila mmoja anamjua mwenzie akifungua tu mdomo.

Mdogo wake bibi naye muulize kitu kimoja hasa: watoto wa babu walipewa majina ya nani. Mtu aliyekata kwao kabisa mara nyingi amewapa watoto majina ya wazazi wake, hasa lile jina la nyumbani ambalo haliko kwenye cheti. Inawezekana jina la mama yake babu liko kwa shangazi yako mmoja na hamjui.

Kuhusu ile ofisi ya vyeti, pole kwa ulivyojibiwa, hukustahili. Ila hata angekuwa mtu mwema angekukosesha tu, mtoto wa Kiha aliyezaliwa miaka ya 30 kijijini hakuandikishwa popote serikalini, mkoloni hakulazimisha Waafrika kuandikisha vizazi. Usipoteze muda wako huko tena. Nyaraka za Taifa pale Dar wana mafaili mengi mazuri ya enzi ya Mwingereza, vipo na vile vitabu vya wilaya vyenye historia za watemi na koo, ila yale mafaili yanaongea zaidi juu ya machifu, kodi na vibarua kwa jumla. Huko nenda mwishoni, ukishakuwa na jina la eneo, utafurahi sana kusoma, lakini usiende ukitegemea kumkuta Petro wako amekaa anakusubiri.

Ukipata jina la kijiji, jua kwamba kijiji chenyewe huenda hakipo. Miaka ya 30 watu wa Buha walihamishwa kwa sababu ya malale, halafu miaka ya 70 ikaja operesheni ya vijiji ikawahamisha tena. Kwa hiyo ukiulizia, ulizia kilima, mto, na jina la mtwale, yaani chifu mdogo, aliyekuwa anatawala pale kabla ya uchifu kufutwa 1963. Wazee wanakumbuka mtwale kuliko wanavyokumbuka jina la kijiji.

Na siku ukienda Kasulu, usiende peke yako na usiende na begi kubwa. Mgeni anayeshuka kutoka Tanga akaanza kuulizia ukoo wa mtu aliyeondoka 1954, kitu cha kwanza kinachowajia watu ni shamba, huyu amekuja kudai ardhi. Piga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, au umtangulize paroko wa huko akuelekeze kwa mzee mmoja, na neno lako la kwanza baada ya salamu liwe kwamba hujafuata ardhi wala urithi, umekuja kuleta taarifa ya msiba. Maana ndo ukweli. Huko kuna watu ambao ndugu yao alipanda treni na hakurudi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kama alikufa au alioa. Yaani we unaona unaenda kuomba, kumbe unapeleka. Beba kipande chenyewe, sio kopi, waone kwa macho lile jina la Nta.

DNA sikukatazi, ila itakuambia una undugu na mtu yule tu ambaye naye amepima, na watu wa vijiji vya Kasulu waliopima ni wachache mno, utalipa hela upewe ramani ya rangi rangi inayosema Afrika Mashariki, kitu ambacho unakijua bure. Hela hiyo iweke nauli. Kama unataka kitu cha mtandaoni fungua FamilySearch, ni bure, jenga mti wako mle taratibu, kila jina andika umelipata kwa nani na tarehe gani. Yule kijana wa vizazi saba mkimbie. Hata babu yako mwenyewe hajampata, hivyo vizazi sita vya juu atavitoa wapi? Atakuandikia majina mazuri ya Kiha, utayasoma kwenye msiba mwingine, na watoto wako watakuja kuyaamini.

Mdogo wako usigombane naye. Kuna mtu anaomboleza kwa kutafuta na kuna mtu anaomboleza kwa kuacha. Mchukue tu siku ya kwenda kwa yule mzee, mwambie akushikie simu.

Ukishafungua kitabu cha ndoa niandikie tena mwanangu, unitajie yale majina mawili ya wazazi wa babu kama yalivyo, hata ukiona padri amekosea, na msimamizi alikuwa nani.

Shangazi yako.